SOMO LETU: TUIJUE ZANA KABLA YA KUITUMIA



Somo letu safari hii linahusu bastola ya silinda inayokokiwa kwa kidole gumba, silaha yenye asili ya Marekani. Wengi wetu hatutaishika maishani, ingawa wenzetu walinzi hukabidhiwa silaha za namna nyingine kazini. Tumeichagua kwa sababu inaonyesha wazi tofauti kati ya kumwonya mtu juu ya hatari na kuiondoa hatari yenyewe.

1. Inavyofanya kazi

Mfano wake mashuhuri ni Colt Single Action Army, iliyoanza kutengenezwa mjini Hartford mwaka 1873. Silinda yake ina vyumba 6 vya risasi. Kifyatulio kina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Kwa hiyo kila mara kabla ya kupiga, ni lazima nyundo ivutwe nyuma kwa kidole gumba. Ikivutwa, silinda huzunguka na kuleta chumba kingine nyuma ya mtutu.

2. Hatari yake

Katika mtindo huo wa zamani, ncha inayopiga fataki ya risasi imefungwa kwenye nyundo yenyewe. Nyundo ikilala juu ya chumba chenye risasi, bastola ikaanguka na kugonga chini kwa nyundo, risasi inaweza kutoka bila mtu kugusa kifyatulio. Ndiyo maana watumiaji walifundishana hivi: jaza chumba kimoja, ruka kimoja, jaza vinne, koki, kisha teremsha nyundo polepole juu ya chumba kitupu. Risasi 5, si 6. Usalama wote ulitegemea kumbukumbu ya mtu.

Mwaka 1973 kampuni ya Sturm, Ruger ya Marekani ilianza kutoa bastola za aina hii zenye kipande cha chuma kati ya nyundo na pini. Kifyatulio kisipovutwa, kipande hicho hukaa chini na nyundo haiwezi kuifikia pini. Kifyatulio kikivutwa, kipande hupanda na kupitisha pigo. Mwaka 1982 kampuni hiyo ikaanza kuwabadilishia bure wenye bastola zake za zamani.

3. Mazoezi ya anayeanza

(a) Soma kitabu cha maelezo ujue bastola yako ni ya mtindo upi. Ya zamani bado zipo nyingi, na kwa macho hufanana na mpya.
(b) Kagua vyumba vyote 6, kimoja kimoja, kwa macho na kwa kidole. Risasi ziwekwe chumba kingine cha nyumba.
(c) Jizoeze kukoki na kuteremsha nyundo kwa risasi za bandia, mtutu ukielekea mahali salama, hadi kidole gumba kizoee.
(d) Kwenye uwanja wa shabaha, vaa kinga ya masikio na macho. Anza na risasi moja tu.
(e) Usiweke vidole kando ya silinda. Moto na hewa kali hutoka kwenye upenyo ulio kati yake na mtutu.
(f) Ukimaliza, nawa mikono. Risasi zina madini ya risasi, nayo ni sumu.

4. Fundisho

Kuanzia 1873 hadi 1973 ni miaka 100. Muda wote huo hatari ilijulikana, na dawa yake kubwa ilikuwa kumwambia mtu awe mwangalifu. Uangalifu ni wajibu wetu, wala hatuukatai. Lakini mtu huchoka, husahau, hushtuka. Kipande cha chuma hakisahau. Basi tunapoambiwa kwamba ajali ni uzembe wa mfanyakazi, tuulize kwanza: je, mashine ingeweza kutengenezwa isimdhuru hata aliyeteleza?

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni zana gani kazini kwetu ambayo usalama wake unategemea kumbukumbu ya mtu peke yake?
2. Ni kinga gani tunaweza kudai ifungwe kwenye zana hiyo?