Mtoto Anapoanza Kula: Somo kwa Mababa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, amruzukuye mja tumboni mwa mamaye kabla hajajua kuomba. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, asili ya somo hili ni suala nililoulizwa barazani baada ya sala ya alasiri. Mtu mmoja wa mtaa wetu, mwenye kuihifadhi sana tohara yake, aliniambia: "Sheikh, mwanangu wa kiume amenikojolea kanzu. Nimesikia kwamba mkojo wa mtoto mwanamume hunyunyizwa maji tu, wala hauoshwi. Je, ni kweli?" Nikamwuliza umri wa mtoto. Akasema, "Atimiza miezi minne mwezi ukiandama." Nikamwuliza, "Ala chakula?" Akasema, "Naam, tangu mamaye kutoka arubaini hupewa uji."

Jawabu ya suala lake ni nyepesi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, naye hajalishwa kitu cha kumshibisha ila maziwa, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji mpaka yakaenea mahali pote ulipoingia, ijapokuwa hayakuchuruzika. Asili yake ni hadithi ya Ummu Qays binti Mihsan, aliyemleta mwanawe mdogo asiyekula chakula kwa Mtume (s.a.w.), mtoto akamkojolea nguoni, naye akataka maji akanyunyiza. Tende aliyosuguliwa kaakaani siku ya kuzaliwa, au dawa aliyonyweshwa kwa ugonjwa, haibadili hukumu hii. Lakini akishaanza kulishwa kwa ajili ya kushiba, ruhusa imeondoka, na mkojo wake waoshwa kama wa mtu mzima. Ama mtoto mwanamke, mkojo wake huoshwa tangu mwanzo.

Basi nikamwambia, "Kanzu yako ioshe." Kisha nikamwuliza, "Na mtoto mwenyewe hajambo?" Akanyamaza kidogo, akasema kwamba tumbo lamwendesha tangu juma lililopita, na mashavu yamepungua. Nikasema, "Ni nani aliyeamrisha uji?" Akasema, "Ni bibi yake, kwa kuwa mtoto alikuwa akilia usiku. Nami, Sheikh, hayo ni mambo ya wanawake, sikuyaingilia."

Neno hili la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Twauliza khabari ya kanzu kwa bidii, na mtoto aliyeitia najisi hatumwulizi!

Irejee sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Humo Mwenyezi Mungu ametaja kwamba kina mama huwanyonyesha wana wao miaka miwili kamili, kwa atakaye kutimiza. Kisha akamgeukia baba, akamwekea juu yake chakula cha mama huyo na mavazi yake kwa ada ijulikanayo, wala hakumkalifisha mtu zaidi ya uwezo wake. Kisha akataja kumwachisha mtoto ziwa, akakuambatanisha na mambo mawili: wawili hao waridhiane na washauriane. Ewe baba, wewe ni mmoja wa wawili hao. Na ikiwa kuachisha ziwa kwataka mashauri, basi kuanza kulisha, ambao ndio mlango wake, kwataka mashauri vile vile. Mwenye kusema "hayo ni ya wanawake" amejivua jambo alilovikwa na Mola wake.

Sasa, wakati wa kuanza ni upi? Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita kamili, pasipo uji wala maziwa mengine wala hata maji, isipokuwa dawa akiandikiwa. Na baada ya miezi sita aanzishwe chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Tazama namna mwisho huu ulivyokutana na aya. Wala tusiwatie kina bibi makosani pasipo haki. Miezi sita ilikatwa katika mkutano mkuu wa shirika hilo mwaka 2001. Kabla yake waganga wenyewe walikuwa wakisema miezi minne hata sita. Mwenye kulea wanawe zamani zile alifuata aliloambiwa. Mweleze mama mkwe kwa adabu, tena umweleze wewe mwenyewe, usimwachie mkeo amkabili mzee peke yake. Mzazi mwenye siku chache hana nguvu za kushindana na nyumba nzima.

Watu wengi huona huruma siku za joto la kaskazi, wakampa mtoto kijiko cha maji. Maziwa ya mama, zaidi ya sehemu nane katika kumi ni maji, tena maji safi yasiyopita mtungini wala katika kata. Maji na uji wa mapema humletea mtoto vijidudu vya kuharisha, tena vyamjaza tumbo asinyonye. Na ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa yake. Hapo ndipo husemwa, "Maziwa ya mama hayatoshi." Hayatoshi kwa kuwa yamezuiwa.

Lakini wako na wengine waliokosea kwa upande wa pili, wakidhani kwamba miaka miwili ya Qur'ani ni ya maziwa matupu. Sivyo. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, aliyopewa na mamaye tumboni. Akiba hiyo karibu na mwezi wa sita huwa yaelekea kwisha, na maziwa ya mama hayana chuma ila kidogo sana. Asiyepata chakula wakati huo hupungukiwa na damu, akawa mnyonge, na akili yake ikachelewa kukua. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameandika katika kitabu chake Tuhfat al-Mawdud kwamba mtoto afungwe na maziwa mpaka aanze kuota meno, kisha apewe chakula laini kwa daraja, kutoka chepesi kwenda kizito. Waganga wa leo huhesabu miezi kuliko meno, kwani wako watoto waotao jino katika mwezi wa nne na wako wasioota mpaka mwaka. Walakini ile daraja aliyoitaja yeye ndiyo waifuatayo hata leo. Nao hutazama alama: mtoto akaze shingo, aweze kuketi akiegemezwa, na asikisukume nje kwa ulimi kila kinachotiwa kinywani.

Siku za kwanza vijiko viwili au vitatu vyatosha, mara mbili kwa siku, wala ziwa lisipunguzwe. Mpe ndizi mbivu iliyopondwa, au boga, au kiazi kitamu, au ubwabwa uliopondwa ukalainika, au uji wa wimbi au wa mtama. Na hapa pana kosa kubwa la nyumba zetu, nalo ni uji mwepesi kama maji. Tumbo la mtoto wa miezi minane huchukua kadiri ya kikombe kimoja tu. Likijaa maji ya uji, mtoto hushiba asilishwe. Uji unaofaa ni ule ukiuteka kwa kijiko hukaa kijikoni, hauchuruziki. Mpishi atie tui la nazi kidogo, au tone la mafuta, au njugu zilizosagwa zikawa laini kabisa. Njugu nzima asipewe, zamkaba roho. Chumvi na sukari hazina haja.

Kosa la pili, na hili ni letu wanaume, ni mchuzi. Baba hula mnofu wa changu, mtoto akalowekewa wali katika mchuzi, na watu wakasema, "Leo amekula samaki." Hakula samaki, amekula harufu yake. Chuma na nguvu za kujenga mwili zimo katika mnofu, na katika maini, na katika yai lililoiva. Samaki aondolewe miiba yote kwa vidole, apondwe. Kipande cha maini kadiri ya vidole viwili, kikachemshwa na kusagwa, ni bora kwa mtoto kuliko bakuli la mchuzi. Na asiyeweza nyama wala samaki kila siku, kunde na pojo zilizopikwa zikalainika na kuondolewa maganda zipo, na mchicha, na papai au maji ya chungwa pamoja nazo, kwani matunda haya husaidia chuma kuingia mwilini. Chai huzuia chuma hicho. Kumtilia mtoto chai ya rangi katika mkate ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa wa pili.

Basi fikiri, ndugu yangu: nani aendaye sokoni? Mke hupika kilicholetwa. Ukileta mchele na nazi peke yake, usimlaumu kwa uji mweupe. Yai moja na samaki mmoja mdogo si gharama ya kumshinda mwenye kununua tambuu na kahawa kila jioni.

Ama asali, asipewe mtoto kabla ya kutimiza mwaka. Najua watu watashituka, kwa kuwa katika sura ya An-Nahl asali imetajwa kuwa ina poza kwa watu, nasi twaamini. Lakini ndani yake huweza kukaa mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda, na tumbo la mchanga halikiwezi. Hutoa sumu ya kulegeza viungo hata pumzi. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Na kwa tahniki tende yatosha, nayo ndiyo aliyoitumia Mtume (s.a.w.) kwa Abdallah bin Zubair, mtoto wa Asma binti Abu Bakr, alipoletwa kwake.

Wako pia wanaomlaza mtoto magotini, wakamminya pua apate kufungua kinywa, wakamwagia uji kwa kiganja. Jambo hili likomeshwe. Chakula huweza kuingia mapafuni, na mtoto akaja akachukia kula. Aketishwe, alishwe taratibu, asemeshwe. Akigeuza uso, angojwe. Mikono ioshwe kwa sabuni, wa mlishaji na wa mtoto. Uji wa asubuhi usiwekwe mpaka jioni. Uliokaa zaidi ya saa mbili katika joto letu hauaminiki.

Akifika miezi tisa, milo huwa mitatu au minne, nusu kikombe kila mlo, na chakula kiwe cha kutafuna kidogo, kisisagwe tena. Akitimiza mwaka hula kilekile cha nyumba, kabla hakijatiwa pilipili. Na awe na kisahani chake. Desturi yetu ya sinia moja ina baraka, lakini mtoto mdogo hushindwa na mikono ya nduguze, na hakuna ajuaye alikula tonge ngapi. Mwekee kisahani kando ya sinia, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha kijana Umar bin Abi Salama kutaja jina la Mungu, na kula kwa mkono wa kulia, na kula cha mbele yake.

Yule mtu wa kanzu alimpeleka mwanawe zahanati siku ya pili yake. Uji uliondolewa, mama akanyonyesha usiku na mchana mpaka maziwa yakarudi, na mtoto akalishwa tena alipotimiza miezi sita. Nilimkuta baba sokoni juzi akichagua changu wadogo. Akaniambia kwamba kanzu huifua kila siku.