Ua Hili, Ua Huu na Sukuma Wiki: Kipi Kipandwe Shuleni?

Katika makala haya nitalinganisha mimea miwili inayojulikana sana: bogenvilia, ambayo ni mmea wa mapambo, na sukuma wiki, ambayo ni mboga. Mada hii si ya kupiga domo tu. Shule yetu, hapa upande wa Machakos, ina kipande cha ardhi kilicho wazi kati ya jikoni na barabara. Urefu wake ni meta 9 na upana wake ni meta 2. Mwalimu mkuu amekipa Chama cha Kiswahili kipande hicho tukitumie tutakavyo, mradi kisiote magugu.

Chama kilifanya mjadala juu ya jambo hili. Wapendekezaji walitaka bogenvilia, nao wapinzani walitaka sukuma wiki. Kelele zilikuwa nyingi kuliko hoja, na kengele ikalia kabla ya kura. Kwa hivyo nimeona ni heri nizipange hoja zenyewe moja baada ya nyingine, ili siku ya kura kila mwanachama ajue anachochagua.

1. Asili ya mimea hii

Mpinzani mmoja alisema ati bogenvilia ni mmea wa kigeni, nayo sukuma wiki ni chakula chetu tangu enzi za mababu. Akapigiwa makofi. Lakini ukweli ni kwamba yote miwili ni mgeni.

Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Mnamo 1767 mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Philibert Commerson, aliuona mmea huu karibu na Rio de Janeiro, nchini Brazili. Alikuwa katika safari ya kuizunguka dunia iliyoongozwa na nahodha Louis-Antoine de Bougainville kati ya 1766 na 1769. Mmea ukapewa jina la nahodha huyo.

Sukuma wiki nayo ni ndugu wa kabeji, koliflawa na brokoli. Zote ni za spishi moja, na mababu zao wa mwituni waliota katika pwani za Ulaya na Mediterania. Kilicho chetu ni jina. Tumeunganisha kitenzi "sukuma" na nomino "wiki", tukapata mboga ya bei nafuu inayomsaidia mtu kusukuma siku mpaka apate pesa. Basi hoja ya ugeni tuiweke kando, kwani haimsaidii yeyote.

2. Somo dogo la ngeli

Hiki ni Chama cha Kiswahili, kwa hivyo tusipite hapa bila kulitazama neno "ua". Ua la kunusa na kupambia limo katika ngeli ya LI-YA: ua hili limechanua, maua haya yamechanua. Ua wa kuzungushia boma umo katika ngeli ya U-ZI: ua huu umeanguka, nyua hizi zimeanguka. Kuna pia kitenzi "ua", yaani kutoa uhai, lakini hicho hatukihitaji hapa, isipokuwa mbuzi wakiingia shambani.

Wapendekezaji walizungumzia ua hili peke yake. Walisahau kwamba bogenvilia ina miiba, na ikipandwa kwa mstari na kupogolewa, hugeuka ua huu. Mmea mmoja, ngeli mbili! Shika neno hili, maana tutalirudia.

Tena kuna jambo la kushangaza. Zile rangi za zambarau, nyekundu na chungwa tunazozisifu si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ukitaka kuhakikisha, chuma moja ulitazame juani. Utaona mishipa kama ya jani lolote lile. Ua lenyewe ni dogo, jeupejeupe, limejificha katikati ya majani matatu ya rangi. Wahenga walisema kuwa si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

3. Maji

Hapa ndipo penye kisa. Bomba la shule yetu hutoa maji siku mbili tu kwa wiki, na tangi letu si kubwa.

Bogenvilia ni mvumilivu. Huhitaji kumwagiliwa miezi ya kwanza mpaka mizizi ishike. Baadaye hutegemea mvua. Ikipewa maji mengi na mbolea nyingi, hutoa majani mabichi na kunyima rangi. Inataka jua kali la siku nzima, na jua Machakos halinunuliwi.

Sukuma wiki haina subira hiyo. Jani lake ni pana na lina maji mengi. Ikikosa maji siku kadhaa wakati wa kiangazi, majani hunyauka, hukomaa na kuwa machungu, na vidukari huishambulia haraka. Miche hupandwa kwa nafasi ya sentimeta 60 kati ya mistari na sentimeta 45 kati ya mche na mche. Katika kipande chetu itaingia mistari 3 ya miche 20, yaani miche 60. Tukipa kila mche lita 1, tunahitaji lita 60, au mitungi 3 ya lita 20, kila tunapomwagilia.

Maji hayo yatatoka wapi? Mpishi huosha mahindi na maharagwe kila asubuhi kabla ya kuyatia motoni, kisha maji hayo humwagwa nje. Hayana sabuni wala mafuta, kwa hivyo yanafaa kabisa. Tukiyakusanya kwenye ndoo, siku za masomo tutamwagilia bila kugusa tangi.

4. Hesabu ya mavuno

Wapinzani walituambia kwamba sukuma wiki "italisha shule nzima". Hebu tufanye hesabu. Mche uliotunzwa vizuri unaweza kuchumwa majani 3 hivi kwa wiki. Miche 60 itatoa majani 180. Shule yetu ina wanafunzi 320. Hata jani moja kwa kila mmoja halifiki! Hoja hiyo imeanguka.

Lakini mwenzangu, usicheke bado. Hapa ni shule ya kutwa. Wako wenzetu wasioweza kulipia chakula cha mchana, na kengele ya saa saba inapolia wao huelekea bombani. Sitawataja, sote tunawajua. Jikoni hununua sukuma za kuchanganya na githeri. Mlezi wa chama amezungumza na mpishi, naye amekubali kupokea sukuma zetu kwa kubadilishana: mafungu mawili ya majani kumi kumi kwa sahani moja ya githeri. Majani 180 ni mafungu 18, na mafungu 18 ni sahani 9 kila wiki. Hiyo si karamu. Ila sahani 9 ni wenzetu 9 watakaoingia darasani saa nane wakiwa wameshiba.

Bogenvilia haitoi sahani hata moja. Hutoa uzuri, na sisemi uzuri ni bure. Mgeni akifika langoni akaona maua, huiheshimu shule kabla hajasoma matokeo yake ya mtihani. Hata sisi hujisikia vizuri zaidi. Lakini njaa haitulizwi kwa kutazama.

5. Mbuzi

Barabara ya kuelekea sokoni hupita kando ya kipande hiki, na mbuzi hupita nayo. Sukuma isiyo na ua ni karamu ya mbuzi. Dakika kumi zinatosha kumaliza kazi ya miezi mitatu. Hapa ndipo ua huu unapohitajika.

Lakini hakuna kitu kisicho na gharama. Tukipanda bogenvilia 6 upande wa barabara, tutalazimika kuacha mstari mmoja wa sukuma, kwa sababu bogenvilia hutanuka na kutia kivuli. Itabaki miche 40, majani 120, mafungu 12, sahani 6. Ua unatugharimu sahani 3 kila wiki. Mimi nasema tulipe gharama hiyo. Afadhali sahani 6 za hakika kuliko 9 zilizo tumboni mwa mbuzi.

6. Nani atamwagilia mwezi wa Agosti?

Swali hili halikuulizwa na yeyote siku ya mjadala, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua yote. Shule ikifungwa, mpishi hayupo, wala maji ya mahindi hayapo. Likizo ya Aprili haina shida kwa kuwa ni msimu wa mvua ya masika. Agosti ni kavu. Bogenvilia itatungoja. Sukuma haitangoja.

Tuchukue likizo ya siku 28. Tukimwagilia kila baada ya siku moja, tunapata zamu 14. Miche 40 inahitaji mitungi 2, kwa hivyo watu wawili kwa zamu wanatosha. Wanachama 14 wakijigawa wawili wawili, kila mmoja atafika shuleni siku mbili tu katika likizo nzima. Sisi ni wa kutwa, tunaishi karibu. Shule ya bweni haiwezi jambo hili, sisi tunaweza.

Kuna aliyeniuliza, "Mbona si kunde?" Swali zuri. Kunde huvumilia ukame kuliko sukuma, na majani yake huweza kuchumwa wiki tatu au nne tu baada ya kupanda. Ikiwa watu 14 hawatapatikana, nitakuwa wa kwanza kupendekeza kunde badala ya sukuma.

7. Pendekezo langu

(a) Tusie mbegu za sukuma kitaluni mwezi wa Februari. Baada ya wiki nne hadi sita tuhamishe miche shambani, mvua ya masika inapoanza. Kila shimo litiwe samadi iliyooza vizuri.

(b) Tukate vipandikizi vya bogenvilia vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimeta 20 hivi, tuvioteshe kivulini, kisha tuvipande upande wa barabara. Tuvae glavu au tushike kwa gunia, maana miiba yake huchoma na ngozi za wengine huwasha.

(c) Ua wa bogenvilia huchukua zaidi ya mwaka kuwa imara. Kwa sasa tuzungushie matawi makavu ya mgunga, kama wafanyavyo wazee wetu.

(d) Tuanze kuchuma mwezi wa Mei, majani ya chini kwanza, tukiacha ya juu yaendelee kukua. Vidukari vikitokea, tuvioshe kwa maji ya sabuni kidogo mapema, kabla havijazagaa.

Orodha ya zamu za Agosti imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chama. Ninapoandika haya ina majina 9. Yanahitajika 5 zaidi. Anayepiga kura ya sukuma wiki na asiandike jina lake, kura yake ni ya mbuzi.

Msamiati

Kitalu: mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuihamisha shambani.
Kupogoa: kukata matawi ya mmea ili ukue kwa umbo linalotakiwa.
Samadi: mbolea itokanayo na kinyesi cha wanyama.
Vidukari: wadudu wadogo sana wanaofyonza utomvu wa mimea.
Vipandikizi: vipande vya tawi vinavyopandwa ili vitoe mizizi.

Zoezi

1. Andika kwa wingi: Ua huu umelizunguka ua hili.
2. Tunga sentensi moja yenye neno "ua" likiwa na maana tatu tofauti.
3. Shamba la sukuma lina mistari 4 ya miche 25. Ukichuma majani 3 kwa kila mche kwa wiki, utapata mafungu mangapi ya majani kumi kumi?
4. Jadili na mwenzako: "Shule isiyo na maua ni afadhali kuliko shule yenye wanafunzi wenye njaa." Toa hoja tatu za kuunga mkono na tatu za kupinga.