Hesabu ya Dume Mmoja: Somo la Kondoo wa Balwen

Katika bonde la Mto Tywi, Wales, wanafugwa kondoo wadogo wa milimani waitwao Balwen: weusi, wenye baka jeupe usoni na miguu myeupe chini. Baridi kali ya mwaka 1947 iliwamaliza karibu wote. Akabaki dume mmoja na majike wachache.

Je, dume mmoja hatoshi? Kwa kuzalisha anatosha, maana hupanda majike wengi kwa msimu mmoja. Tatizo liko kwenye urithi. Tupige hesabu polepole.

Kila kondoo ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Akizaa, humrithisha mtoto moja tu kati ya hizo mbili, kwa bahati. Tuziite nakala za dume wetu A na B. Watoto wake, hata wafike mia, kwa upande wa baba wamebeba A au B. Hakuna ya tatu.

Sasa watoto wawili wa dume huyo, wa mama tofauti, wapandane. Uwezekano wa kila mmoja kurithisha nakala ya baba ni nusu. Wote wawili kuirithisha ni nusu ya nusu, yaani robo. Nakala hizo kuwa ileile, A na A au B na B, ni nusu ya robo: moja ya nane.

Hapo ndipo hatari ilipo. Jeni nyingi zenye kasoro hufunikwa na nakala nzima ya upande wa pili. Mtoto akirithi kasoro ileile pande zote mbili, huweza kuzaliwa dhaifu, kufa mapema au kuwa tasa.

Kwa hiyo wataalamu hawaishii kuhesabu vichwa; hutafuta pia ukubwa wa kundi kwa upande wa urithi. Huzidisha madume kwa majike, kisha kwa 4, halafu hugawanya kwa jumla ya kundi. Dume 1 na majike 100 hutoa karibu 4 tu. Madume 10 na majike hao hao hutoa karibu 36.

Balwen wameongezeka, na mwaka 1985 wafugaji waliwaundia chama. Lakini wingi wa vichwa haurudishi jeni zilizopotea.

Nawe mfugaji wa kondoo au mbuzi, hesabu ni hiyo hiyo zizini kwako. Badilisha dume kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa, na mrithi wake mtafute katika ukoo mwingine.