Rafiki, Mtaji na Sambusa: Fiqhi ya Kumsaidia Mwenzako Kuanza Biashara



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Somo letu linahusu jambo linalowapata wengi wetu: rafiki wa tangu utoto anataka kuanza biashara ndogo ya chakula cha nyumbani, naye anakuja kwako kuomba mtaji. Umsaidie vipi ili biashara isimame na urafiki ubaki?

Nitatumia mfano ninaoujua. Rafiki yangu wa tangu madrasa, jirani yetu hapa Buyenzi, ana mkono mzuri wa sambusa na chapati. Alimaliza sekondari, kazi hakupata, akaamua kupika nyumbani na kuuza karibu na soko la Ruvumera. Alihitaji faranga 150,000 za karai, jiko, unga na mafuta. Nilikuwa nazo, ndiyo akiba yangu ya mwaka mzima.

1. Kazi ya mkono ni heshima

Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipohamia Madina hakuwa na kitu. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (r.a.), alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba alirudi na jibini kavu na samli. Tajiri yule mkubwa wa Maswahaba alianzia kwenye chakula. Basi asione haya anayebeba beseni la sambusa.

2. Ipe pesa jina lake

Rafiki yangu alisema, "Nipe tu, faida tutagawana." Maneno matamu, lakini kifiqhi yana uzito. Pesa inaweza kuwa zawadi, mkopo au mtaji wa ushirika, na kila moja ina hukumu yake. Zawadi hairudishwi. Mkopo hurudi ulivyo, bila nyongeza iliyowekwa sharti. Katika mudharaba mwenye mali hugawana faida na mfanyakazi kwa sehemu inayojulikana, kama nusu au theluthi, na hasara ya mali humwangukia mwenye mali, ila mwenzake akizembea.

Hapa kuna suala ambalo wengi hatulijui. Imamu Nawawi, katika Minhaj al-Talibin, ametaja mtu anayepewa mali anunue ngano, aisage na kuoka mikate: mudharaba huo haukusihi kwa Mashafii. Sababu yao ni kwamba mudharaba uliruhusiwa kwa haja ya biashara, na kusaga na kuoka ni kazi zinazoweza kulipwa ujira maalumu. Mahanbali wana wasaa zaidi katika mlango huu. Sisi tuliokulia kwenye madhehebu ya Shafii tulichagua njia isiyo na utata: qardh hasan, mkopo mwema usio na faida.

3. Andikeni, hata kama ni ndugu

"Wewe si mgeni, ya nini maandishi?" aliniuliza. Nikamjibu, "Kwa sababu wewe si mgeni, ndiyo maana sitaki tugombane." Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamuru deni la muda liandikwe na liwe na mashahidi, wala tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Tuliandika kiasi na muda; baba yake na kaka yangu wakashuhudia.

Aya ya 280 inaamuru mwenye dhiki asubiriwe. Hadi sasa amerejesha faranga 60,000. Mvua ilipokaza, mwezi mmoja hakulipa kitu, nami nilisubiri. Na sambusa zake nanunua kama mteja yeyote, kwani sharti la kula bure kwa ajili ya mkopo lingekuwa riba. Sahani za futari zilizokuwa zikipelekwa kati ya nyumba zetu tangu utotoni zinaendelea, maana hizo si za mkopo.

4. Hesabu kabla ya bei

Tuliandika kila kitu: unga, viazi, vitunguu, mafuta, makaa, hata karatasi za kufungia. Tuseme sambusa 100 zinagharimu faranga 32,000 na kila moja inauzwa 500. Mauzo ni 50,000, linabaki 18,000. Humo toa ujira wa mpishi na fungu la kununulia mafuta ya kesho. Asiyetenganisha fungu hilo hula mtaji akidhani anakula faida.

5. Oda na uaminifu

Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende kabla ya kuvunwa, akaagiza kipimo, uzito na muda vijulikane. Hiyo ni bei ya salamu. Kwa Mashafii, bei yote hulipwa palepale mkatabani. Hivyo oda ya harusi itaje idadi, aina na siku, na ilipwe kamili.

Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya chungu la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkana mwenye kudanganya. Sambusa ya jana isichanganywe na ya leo. Aiuze kwa bei ya chini na aseme ni ya jana.

Maswali ya halaqa

- Rafiki amekuomba mtaji wa kushona nguo kwa kugawana faida. Je, hukumu yake ni ipi?
- Mkopaji akikuletea zawadi ambayo hakuwa akikupa zamani, utafanyaje?

Allah atubarikie riziki zetu za halali na adumishe udugu wetu. Wabillahi tawfiq.