Kabla Hujadanlodi Draiva ya Mausi
Mausi ikianza kufyatua risasi mbili kwenye gemu wakati umebonyeza mara moja, wengi huku mageto ya Mbagala na Mwananyamala hukimbilia kudanlodi draiva. Bando linaisha (bando lenyewe la mkopo), na virusi vinaingia bure.

Windows tayari inayo draiva ya mausi za kawaida za USB. Kwa hiyo chomeka mausi yako kwenye kompyuta ya mwenzako kwanza. Ikirudia mchezo uleule, swichi ndogo iliyo chini ya kitufe imechoka. Fundi redio anaweza kuibadilisha. Ikiwa nzima huko, rudi kwako, fungua palipoandikwa Device Manager, iondoe mausi, chomoa, chomeka upya. Vitufe vya pembeni vikigoma, kagua mipangilio ya gemu kabla ya kutafuta programu ya mtengenezaji.