Goti lako halikuhama

SWALI: Daktari, nina miaka 23, naishi Nyalikungu hapa Maswa, nacheza winga. Miezi mitatu iliyopita kwenye mechi ya ndondo niligeuka ghafla, hakuna aliyenigusa, nikasikia goti limelia "ta!" Usiku ule ule likavimba. Nyumbani wakanipeleka kwa mzee anayerudisha viungo, akasema goti limehama. Akalivuta, akatuagiza tulikande kila jioni kwa maji ya moto na chumvi. Uvimbe ukaisha. Nimerudi uwanjani mara mbili, na mara zote nikigeuka tu goti linaachia, naanguka mwenyewe. Mzee anasema halijakaa sawasawa, nirudi alivute tena na anichanje. Ligi inaanza mwezi ujao. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, usirudi kwa mzee, na ligi ya mwezi ujao huchezi. Nimeanza na hayo kwa sababu najua wengi mkishapata jibu mnalolitaka hamsomi tena.

Barua kama yako naijua kabla sijaimaliza. Mchezaji kageuka peke yake, kasikia mlio, goti likajaa ndani ya saa chache, kisha likapona "kabisa" mpaka siku alipogeuka tena. Mambo hayo yakikutana, cha kwanza kushukiwa ni kukatika kwa ligamenti ya mbele ya goti, kamba fupi iliyo katikati ya kiungo inayozuia mfupa wa chini usitoroke mbele na usizunguke kupita kiasi. Anatomia yako inaishia hapo, iliyobaki haikusaidii.

Tulizungumzie hilo la kuhama. Goti likihama kweli, mara nyingi mguu unapinda mbele ya macho ya watu na hakuna anayekwenda kwa mzee kwa kuchechemea. Ni dharura ya saa chache, maana mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma ya goti na unaweza kuchanika. Unyayo ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, mtu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Pia ya goti nayo huweza kuchomoka pembeni, lakini mara nyingi hujirudia yenyewe mguu ukinyooshwa. Goti lako halikuhama. Kilichokatika hakirudishwi kwa kuvutwa. Ukivuta kamba iliyokatika unazidi kuachanisha ncha zake, na zile kamba za pembeni zilizopona unazilegeza.

"Lakini daktari, uvimbe uliisha!" Naam, uliisha. Ule uvimbe wa usiku wa kwanza kwa kawaida ni damu iliyovujia ndani ya kiungo, na mwili huifyonza wenyewe kwa wiki kadhaa, ukandwe usikandwe. Mzee angekumwagia maji ya bomba, leo tungekuwa tunalisifu bomba. Sifa zote anapewa yeye kwa kazi iliyofanywa na mwili wako, na hicho ndicho kinachonichosha miaka yote hii: kila aliyepona uvimbe ni shahidi wake, na kila ambaye goti limemwachia anaambiwa halijakaa sawasawa, arudi. Biashara ya namna hiyo haiwezi kupata hasara.

Maji ya moto siku zile za kwanza ni kosa lenyewe. Joto hupanua mishipa, damu inazidi kuvuja. Kinachotakiwa ni barafu, hata ile ya dukani ya mfuko, izungushiwe kanga, dakika 15 hadi 20 kwa wakati mmoja, na mguu uinuliwe juu ya mito.

Kuhusu chale sina mzaha. Nilimpokea binti mcheza mpira wa pete, goti limefungwa kanga, ngozi imebabuka kwa maji ya moto. Nilipoifungua nikakuta mistari midogo ya wembe pande zote mbili za pia ya goti, imepakwa masizi na mafuta, mmoja bado unatoa maji ya njano. Homa ilikuwa 39. Goti lililokuja kwangu halikuwa tena na tatizo la ligamenti, lilikuwa na usaha. Usaha ndani ya kiungo unakula gegedu kwa siku chache, na gegedu halioti upya. Alioshwa goti chumba cha upasuaji, akalazwa wiki kadhaa. Leo anatembea. Mpira wa pete hachezi. Wale mnaochomwa sindano ya goti na muuza duka la dawa, habari hii inawahusu pia.

Na kuna wale wa umri wa shule wanaokandwa goti miezi minne kwa sababu "alianguka", kumbe maumivu yanazidi usiku na uvimbe unakua badala ya kupungua. Saratani ya mifupa kwa vijana hupenda sana maeneo ya goti. Mzazi, uvimbe wa aina hiyo usisubiri mavuno ya pamba.

Wewe umechelewa miezi mitatu, na umerudi uwanjani mara mbili juu ya goti ambalo halijapimwa. Kila linapoachia, mifupa inasaga ile mito ya gegedu iliyo katikati yake. Ligamenti ina tiba. Gegedu likishasagika, ukifika miaka 40 utakuwa na goti la mzee wa 70, na utalijua vizuri kila unapogeuza plau mwisho wa mstari.

Nenda Hospitali ya Wilaya ya Maswa wiki hii. Watakushika mguu na kuvuta mfupa wa chini kidogo (naam, na sisi tunavuta, ila tunapima, haturudishi), watapiga eksirei kuona kama mfupa umepasuka, na ikibidi utapewa rufaa kwenda Bariadi au Bugando, Mwanza, kwa vipimo vya zaidi. Usiogope kwamba lazima utapasuliwa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha vijana 121 wenye tatizo hili, na kati ya walioanzishiwa mazoezi tiba bila kupasuliwa, karibu nusu hawakuwa wamehitaji upasuaji miaka mitano baadaye. Ila goti linaloachia kila likigeuka, kwa mchezaji wa miaka 23, huenda likahitaji. Uamuzi huo ni wa wewe na daktari wa mifupa.

Upasuliwe usipasuliwe, kazi kubwa ni ya mtaalamu wa fiziotherapia na ni ya jasho. Kwanza goti linyooke kabisa, kisha paja lirudi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mapaja yote mawili sentimita 10 juu ya pia ya goti. Sitashangaa la upande ulioumia likiwa limepungua sentimita mbili au tatu. Hilo nalo linachangia kuanguka kwako. Baiskeli mnayo kila nyumba: pandisha kiti, endesha polepole kwenye tambarare, mtaalamu akikuruhusu.

Ukipasuliwa, usiulize habari za mechi kabla ya miezi tisa. Neymar aliumia ligamenti hii Oktoba 17, 2023, akarudi uwanjani Oktoba 2024, na ana madaktari wake mwenyewe. Mashabiki wa Yanga hawajasahau Yacouba Songne alivyokaa nje baada ya kuumia goti mwaka 2021. Kwa vijana chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni baada ya upasuaji, takriban mmoja kati ya wanne huumia tena, goti lile lile au la pili. Hata kalenda ikitimia kuna mtihani: ruka kwa mguu mmoja. Mguu mzima ukifika sentimita 150, ulioumia ufike angalau 135 na utue bila kuyumba.

Ukifika hospitali usiseme "goti linauma", watakuandikia vidonge. Sema: nilisikia mlio, likavimba siku ile ile, linaachia nikigeuka. Kabla hujaondoka, mpigie kocha mwambie jezi yako ampe mwingine msimu huu.