Nuru ya Nyota za Kale, na Maksi Tano Nilizomnyima Kijana

Nina deni la maksi tano. Zamani, nikifundisha Fizikia kidato cha nne, niliuliza katika mtihani: nyota iliyozidi kwa nuru ya urujuanimno, je, ni changa au ni ya kale? (Urujuanimno ndiyo nuru iliyopita rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, macho hayaioni, lakini ngozi huungua kwayo.) Nilitaka wajibu "changa", kwa kuwa nyota kubwa zilizo changa zina moto mkali, na moto mkali hutoa nuru hiyo kwa wingi. Kijana mmoja wa safu ya nyuma aliandika, "Yaweza kuwa ya kale sana." Nikamtia msalaba mwekundu. Alipokuja kuniuliza kwa adabu, nilimwambia arudi akasome.

Kumbe aliyepaswa kusoma ni mimi.

Chukueni nyota mbili zenye joto sawa. Katika hewa ya nyota mna mvuke wa chuma na metali nyingine, nao humeza nuru kwa mistari myembamba. Mistari ya chuma imesongamana hasa upande wa urujuanimno. Ni kama taa mbili za mafuta, moto sawa, lakini kioo cha moja kina masizi na cha pili ni safi. Nyota yenye metali haba ndiyo ile ya kioo safi. (Wanafalaki nao wana mazoea ya ajabu: kila kisichokuwa haidrojeni wala heli hukiita metali, hata oksijeni tunayoivuta!)

Metali hizo hupikwa matumboni mwa nyota, nazo zikifa huzitawanya, na nyota za baadaye huzirithi. Zilizotangulia kuzaliwa zilikuta chungu karibu kitupu.

Mwaka 1951 Chamberlain na Aller, huko Marekani, walionyesha kwamba nyota mbili, HD 19445 na HD 140283, zina metali chache mno kuliko Jua. Hiyo ya pili imo katika kundi la Mizani, umbali wa miaka ya nuru kama 200, na umri wake wapita miaka milioni 12,000. Kwa darubini ya mkono utaiona. Kwa macho matupu usijisumbue. Kisha mwaka 1962 Eggen, Lynden-Bell na Sandage walilinganisha nyota 221. Zile zilizozidi sana kwa urujuanimno hazikuwa zikizunguka katika duara kama Jua letu, bali katika njia ndefu zilizobanwa, zikishuka kuelekea kitovu cha Njia Nyeupe na kutoka tena mbali.

Hayo yote yalikwisha kuchapwa kabla sijashika chaki. Tena swali langu lenyewe lilikuwa bovu, maana sikutaja joto la nyota. Kijana yule sasa ni mzee mwenzangu, na gazeti hili hulipata. Ndugu yangu, zile maksi tano ni zako.